Ulanzi nao una waonjaji

Mwandishi aliyedai kwamba wiski ina utamaduni, ilhali pombe za kienyeji kama ulanzi wa Iringa na kimpumu cha Mbeya ni za kulewea tu, hajawahi kukaa na mgema. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye chombo kiitwacho mbeta. Mgema hulikata upya asubuhi na jioni. Ulanzi mbichi ni mtamu, ukilala unakuwa mkali, na kila mnywaji ana kiwango anachokitetea kwa dhati. Waswidi walianzisha kiwanda cha wiski cha Mackmyra mwaka 1999, baadhi ya kimea chao wakakifukiza moshi wa mreteni wa kwao, wakajivunia. Sisi tuuonee haya mwanzi? Ulevi upingwe, ndiyo, na wa wiski pia. Ila ujuzi wa mgema usitukanwe.