Betri mbili, tangi moja: Nani anapima sigara za kielektroniki?

Katika Kaunti ya Migori, hasa pande za Kuria, mkulima wa tumbaku amezoea kupimwa. Tangu miaka ya 1970, kilimo cha mkataba kilipoanza kuenea katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, jani lake limekuwa likitandazwa mbele ya mnunuzi, likaangaliwa rangi, likashikwashikwa kujua unyevu wake, kisha likapewa daraja. Daraja ndilo bei. Mkulima anaweza kulalamikia daraja hilo, na mara nyingi amelalamika, lakini hawezi kusema kwamba jani lake halikupimwa.

Nikotini ya jani kama hilo sasa humfikia mvutaji kwa njia nyingine: ikiwa ndani ya kioevu, katika tangi dogo la kioo au plastiki, na kugeuzwa mvuke kwa nguvu ya betri. Sigara za kielektroniki huuzwa waziwazi Nairobi na Mombasa, na kinachoagizwa kwa simu leo chaweza kufika Homa Bay kesho asubuhi kwa basi la usiku. Miongoni mwa vifaa hivyo, vile vikubwa vyenye betri mbili na tangi la kujazwa upya ndivyo vinavyojivunia nguvu. Kasha huandikwa wati 200, wakati mwingine zaidi. Mnunuzi huamini.

Mjadala nchini kuhusu bidhaa hizi umekuwa wa pande mbili zinazopigiana kelele: wanaosema ni sumu mpya kwa vijana, na wanaosema ni afueni kwa mvutaji aliyeshindwa kuacha sigara. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba kifaa ni kimoja. Ukweli ni kwamba madhara ya mvuke hutegemea betri inatoa nguvu kiasi gani, waya wa kupashia moto una joto gani na tangi linapitisha kioevu kwa kasi gani. Hayo hayajulikani kwa kusoma kasha.

Tuanze na betri. Kifaa cha aina hii kwa kawaida hutumia betri mbili za lithiamu zinazojulikana kwa namba 18650, yaani zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila moja ikijaa huwa na volti 4.2. Zikiunganishwa kwa kufuatana, volti hujumlishwa. Zikifanya kazi nzito, hushuka hadi volti 6.4 hivi kwa jumla. Ili kutoa wati 200 kwa volti hizo, mkondo wa umeme unapaswa kuzidi ampea 31. Betri nzuri za ukubwa huo, kutoka kwa watengenezaji wenye sifa, hukadiriwa kutoa ampea 20 hadi 25 mfululizo bila kupata joto la hatari. Hesabu ya darasa la sekondari basi inaonyesha kwamba kwa ampea 20, jozi hiyo haifikii hata wati 130. Namba ya kasha ni tangazo la biashara.

Uwezo wa kuhifadhi umeme nao una hadithi yake. Betri bora ya 18650 huhifadhi kati ya miliampea-saa 2,500 na 3,500 hivi. Hata hivyo, zinauzwa nyingine zilizoandikwa 9,900, nyingi zikija na tochi za kuchaji. Hakuna betri ya ukubwa huo yenye uwezo huo popote duniani. Kwa betri mbili za kweli za 2,500, kifaa kikiwekwa wati 60 na kila pumzi ikichukua sekunde tatu, mvutaji atapata takriban pumzi 300 baada ya kuondoa umeme unaopotea njiani. Huu ni mtihani ambao fundi yeyote wa simu anaweza kuufanya kwa kalamu, karatasi na subira.

Jambo lisiloelezwa kwa mnunuzi ni kwamba betri mbili ni kama ng'ombe wawili wa jembe. Wafungwe nira moja, mmoja akiwa na nguvu na mwingine mgonjwa, shamba litalimwa kwa muda, lakini yule mgonjwa ataanguka. Kifaa cha bei rahisi husoma jumla ya volti tu. Kikizimika kwenye 6.4, huenda kila betri imebaki na 3.2, ambayo ni salama. Au huenda moja ina 3.9 na nyingine imeshuka hadi 2.5, mahali ambapo kemikali zake huanza kuharibika. Ikichajiwa tena na tena katika hali hiyo, inaweza kuvimba, kuvuja au kushika moto. Ndiyo maana betri hizo hununuliwa pamoja, hutumiwa pamoja na hutupwa pamoja, na ndiyo maana kifaa kizuri husoma kila betri peke yake.

Hatari hii si ya kubuni. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilihesabu visa 195 vya moto na mlipuko wa sigara za kielektroniki nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Mei 2018, mtu mmoja aliuawa na mlipuko wa kifaa chake huko St. Petersburg, Florida. Ikilinganishwa na idadi ya watumiaji, visa hivyo ni vichache, na si haki kuvitia chumvi. Lakini vilitokea katika nchi yenye idara za kuvihesabu.

Homa Bay ina uzoefu wake wa betri, tena wa heshima. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa, na mwaka 2008 kampuni ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua kituo cha umeme wa jua huko Mbita ili wavuvi wakodishe taa za kuchajiwa badala ya karabai za mafuta ya taa. Katika mpango wa namna hiyo betri hurudi kituoni, huchajiwa na mtu anayeijua, na ikichoka huondolewa. Betri ya sigara ya kielektroniki haina kituo wala mwenyewe. Huchajiwa kando ya kitanda kwa chaja yoyote iliyopatikana, na hubebwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, vitu ambavyo vinaweza kuunganisha ncha zake mbili kwa sekunde moja.

Sasa tangi. Ndani yake mna utambi wa pamba unaonyonya kioevu na kukifikisha kwenye waya wa moto. Aliyekulia nyumba ya koroboi hahitaji kueleweshwa zaidi: mafuta yakipungua, utambi wenyewe huungua. Hapa pia, kama nguvu ya betri imezidi kasi ya utambi, joto hupanda na kioevu huvunjika kuwa kemikali nyingine, miongoni mwazo formaldehaidi, ambayo wengi huijua kama dawa ya kuhifadhia maiti.

Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walichapisha barua katika jarida la The New England Journal of Medicine wakisema kwamba kwa volti 5 walikuta kemikali inayobeba formaldehaidi kwa wingi, ilhali kwa volti 3.3 hawakuikuta. Dunia nzima ilipiga yowe. Baadaye watafiti wengine walijibu kwamba kwa kifaa kile, volti 5 zilitoa moshi mchungu wa pamba iliyokauka, ambao hakuna mvutaji angeustahimili. Wote wawili walikuwa na hoja. Mashine haina ulimi, na mvutaji hana maabara. Kipimo kisichotaja volti, tangi na kiasi cha kioevu hakimwambii mtu lolote. Ndiyo sababu mwaka 2018 shirika la viwango la kimataifa, ISO, liliweka utaratibu wa mashine ya kupimia: pumzi ya sekunde tatu, mililita 55, kila baada ya sekunde 30. Si uvutaji wa mtu yeyote hasa, ila angalau kila maabara hupima kwa kipimo kimoja.

Mwaka huo huo wa 2018, watafiti wa Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kukagua vifaa vya watumiaji 56. Kioevu kilipokuwa bado ndani ya chupa kilikuwa na madini kidogo. Kilipopita kwenye waya wa moto, mvuke ulikutwa na risasi, nikeli na kromiamu kwa kiwango cha juu zaidi. Maana yake ni nzito kwa wanaotunga sheria: chupa inaweza kufaulu mtihani na kifaa kikafeli.

Kuna pia kuvuja. Mchumaji wa tumbaku wa Kuria anajua kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika kunakompata mtu anayevuna jani lenye umande, kwa sababu nikotini hupenya ngozi. Tangi linalovuja mfukoni humwaga nikotini hiyo hiyo, ikiwa imekolezwa. Tangi lililojazwa Mombasa, usawa wa bahari, likapandishwa hadi Nairobi, mita zipatazo 1,800 juu, hukabiliwa na hewa ya ndani inayotanuka na kusukuma kioevu nje. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2014 lililoanza kutumika Mei 2016, uliamuru kwamba tangi lisizidi mililita 2, nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, na kifaa kisivuje wala kufunguliwa na mtoto.

Hapa ndipo hoja ya watetezi wa bidhaa hizi hupwaya. Wanapenda kunukuu taarifa ya mwaka 2015 ya idara ya afya ya umma ya Uingereza, iliyokadiria kwamba uvutaji wa mvuke una madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara. Makadirio hayo yamepingwa na wengi. Lakini hata aliyeyakubali anapaswa kukumbuka kwamba tangu 2016 soko la huko linafungwa na masharti ya mililita, miligramu na kutovuja. Kuichukua asilimia ya London na kuibandika kwenye kifaa kisichojulikana kilikotoka, kinachouzwa Oyugis au Rongo, ni kuvaa kiatu cha mwingine bila kukipima.

Sheria ya Kenya iko wapi? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inaitaja bidhaa ya tumbaku kuwa ile iliyotengenezwa kwa tumbaku, nzima au sehemu, pamoja na kitu chochote kilichokamuliwa kutoka kwenye jani lake. Kioevu chenye nikotini ya jani kinaingia humo bila mabishano makubwa. Nikotini iliyoundwa maabara bila jani haiingii kwa urahisi. Marekani ililazimika kubadilisha sheria yake mwaka 2022 ili kuziba mwanya huo. Na kifaa kitupu, chenye betri mbili na tangi lisilo na tone? Kwa maneno ya sheria ya 2007, ni vigumu kukitofautisha na tochi.

Hata hivyo, mtoza ushuru hana shaka. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilikitoza kila kifaa shilingi 3,000. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaweka shilingi 70 kwa kila mililita ya kioevu cha nikotini, na Desemba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 100. Serikali basi inajua kuhesabu mililita pale panapohusu hazina. Kifaa ni sigara mbele ya mlango wa forodha wa Isebania, lakini kikishavuka, utambulisho wake huwa wa kubishaniwa.

Mkanganyiko wa namna hii umewahi kuonekana. Vifuko vya nikotini vya Lyft, bidhaa ya kampuni ya BAT, vilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria. Kanuni za tumbaku za mwaka 2014 nazo zilikwama mahakamani hadi Novemba 2019, Mahakama ya Juu ilipotupilia mbali rufaa ya BAT. Mswada wa marekebisho uliowasilishwa katika Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma unalenga kuziingiza bidhaa hizi mpya moja kwa moja chini ya sheria ya tumbaku. Ni hatua inayofaa. Lakini kupiga marufuku matangazo na kuwauzia walio chini ya miaka 18 hakutamwambia mtu kama betri iliyo mfukoni mwake ni ya kweli.

Wakati huohuo, tangu mwaka 2022, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula yamekuwa yakishirikiana na serikali kuwahamisha wakulima wa Migori kutoka tumbaku hadi maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Mkulima anaambiwa kwamba zama za jani zinapita. Asilolielezwa ni kwamba nikotini yenyewe haipiti. Inahama kutoka bandani mwake kwenda tangini, na huko anayeinunua anaweza kuwa mwanawe.

Mashine ya ISO ni ghali, na haitarajiwi kuonekana Migori karibuni. Vipimo vya awali, hata hivyo, si ghali. Ofisi ya Kisumu ya shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, au afisa wa afya ya umma wa kaunti, anaweza kununua vifaa vichache sokoni, akavijaza, akavilaza usiku kucha juu ya karatasi nyeupe na kutazama doa asubuhi. Anaweza kupima volti ya kila betri baada ya pumzi 100, na kupima tangi kwa mizani kabla na baada ili kujua kioevu kilichotumika. Betri ya kweli ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Nyingi za bandia ni nyepesi zaidi, na mizani ya kupimia dhahabu kule Macalder itaonyesha tofauti hiyo kwa dakika moja.