Habari za Vijana Ziwe Fupi, Zisiwe Pungufu

Juzi baada ya sala ya Laasiri nilikuwa nimeketi barazani na binti yangu kitindamimba, mwenye miaka 15. Nikamwuliza mbona hasomi gazeti hata lile la mtandaoni, ilhali simu haimtoki mkononi. Hakunijibu. Alifungua tovuti ya gazeti moja, akanipa simu, akasema, "Hebu soma wewe, Baba."

Tangazo la biashara lilikuwa limefunika nusu ya kioo. Nikatafuta pa kuliondolea, kidole kikanipotea, nikajikuta nauziwa friji. Nilipoifikia habari yenyewe nilikuta aya sita za nani alimjibu nani katika mkutano wa hadhara. Binti akaniuliza, "Sasa hapo mimi nimeambiwa nini?"

Uandishi ndio ulionilelea watoto hawa, na swali lile lilinichoma.

Si kwamba wakubwa wa magazeti hawalioni tatizo. Wanaliona, ila dawa yao huwa ni rangi kali, picha za wanamuziki na Sheng. Niliwahi kuketi katika kikao ambamo iliamuliwa ukurasa wa vijana uandikwe kwa Sheng, na waandishi wote tuliokuwamo tumeshaota mvi! Vijana walitucheka, na haki yao.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kilitoa uchunguzi juu ya vijana wa eneo la Chicago na habari za mtandaoni. Ilionekana kwamba vijana wale hawakuwa wakizitafuta habari. Walizisoma zilipowakuta njiani zikawavuta macho. Wengi wetu tumelishika hilo la kuvuta macho, tukasahau kuuliza macho yakishavutika yapewe nini.

Aliyenifunza jibu ni maalimu wangu wa chuoni, ambaye hakupata kuona tovuti maishani mwake. Hakutuanzia Suratul Baqara yenye aya 286. Baada ya Alhamdu alitutia katika Juzuu Amma, kwenye sura fupi fupi. Suratul Kauthar ina aya 3 tu, lakini ni sura kamili. Aliyeihifadhi hakupewa kipande. (Bakora nayo ilikuwapo, nakiri, na hiyo siwapendekezei wahariri.) Hasha, silinganishi habari za gazeti na Maneno ya Mwenyezi Mungu. Nazungumzia njia ya kumfunza mtoto.

Na anayedhani vijana hawajali habari akumbuke Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa kitabu kizima cha lugha ya kisheria. Vijana waliuchambua katika TikTok na X, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwamba mkate ungetozwa kodi ya asilimia 16 na gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kura. Tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na watu kuuawa, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kazi ile ya kueleza ilikuwa yetu sisi waandishi, na wengi wetu tulikuwa tungali kwenye nani kamjibu nani.

Lakini njia zile zile hupitisha na uongo, tena kwa kasi. Ndiyo maana siwezi kusema basi, tuwaachie wenyewe.

Chukueni mfano wa kivuko cha Likoni kinapoharibika. Habari ya kijana ingeanza na mwanafunzi wa Likoni anayesoma kisiwani: vivuko vingapi vinafanya kazi, atoke nyumbani saa ngapi, ni nani aliyesema hivyo. Neno gumu lielezwe pale pale lilipo. Chini uwepo mlango wa kuingilia habari ndefu, kwa atakaye. Jina la mwandishi lionekane, maana sisi tuliosoma chuoni tulizoea kuuliza neno limepokewa kwa nani. Na lile tangazo la friji lisogezwe pembeni, jamani.

Jana usiku nilimwandikia binti yangu habari moja ya kodi kwa aya nne. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema aya ya tatu haieleweki. Nimekaa naiandika upya.