Sauti Iliyoachana na Picha
Wapo wanaodai kwamba uhariri wa video ni kazi ya fundi, si ya mwanafasihi. Sikubaliani nao. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, programu ikiisoma kana kwamba ni 48,000, huenda mbio: ngano ya saa moja humalizika kwa takriban dakika 55, na sauti ya fanani hupanda. Mtafiti wa kiimbo atachanganua nini hapo? Simu nazo aghalabu hubadilisha kasi ya fremu. Ishara ya mkono na neno lake huachana. Basi video igeuzwe kwanza iwe na fremu 25 thabiti, nakala asilia ikihifadhiwa. Ile ya MP3, ipendwayo kwa wepesi wake, imekwisha kupoteza sehemu ya sauti, na fanani aliyefariki harekodiwi tena.