Ufunguo wa kanisa na mtoto anayejifunza kusimama



Nikiwa katika mwaka wa kichungaji, mama mmoja wa kigango nilichopangiwa alinisubiri nje baada ya ibada ya Dominika. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka minne. Nilidhani anataka nimwombee mtoto, nikaanza kusali. Aliniacha nimalize, akasema, "Asante, Frateri. Lakini nilikuja na ombi jingine. Mnaweza kuniachia mlango wa kanisa wazi saa kumi jioni? Nahitaji mabenchi."

Mtoto wake ana mtindio wa ubongo. Mtaalamu wa mazoezi tiba alikuwa amemwelekeza kwamba mtoto ashike kitu kirefu kilicho imara, kinachomfika kifuani, kisha apige hatua za upande, kushoto halafu kulia. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda na vigoda viwili. Kanisani tulikuwa na mabenchi yenye maegemeo, yamepangwa safu kwa safu, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hayakaliwi na mtu.

Ombi hilo dogo lilituchukua wiki mbili. Wazee wawili walisema nyumba ya ibada haiwezi kugeuzwa uwanja wa mazoezi. Mwanakikundi mmoja wa maombi alikuwa amekwisha kumwambia yule mama kwamba kwenda kliniki ni dalili ya kukosa imani, aache mazoezi na kufunga siku tisa. Mimi, niliyekuwa nimemaliza falsafa, nilinyamaza. Niliogopa kuwaudhi wazee. Baba Paroko alipokuja kwa Misa alisikiliza pande zote, akasema mama apewe ufunguo. Ninaandika makala hii kwa sababu jibu lile lilipaswa kutoka kwangu siku ya kwanza.

Naamini kwamba mazoezi ya mtoto wa namna hii ni sehemu ya utume wa parokia. Tumezoea kuyaona kama jambo la mama na hospitali, nasi kazi yetu ikaishia kwenye kuombea.

Tuanze na hali yenyewe, maana uvumi ni mwingi. Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo unaokua unapodhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika utoto wa mwanzo. Huenda mtoto alikosa hewa wakati wa uzazi, alizaliwa njiti, alipata umanjano mkali usiotibiwa mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Hali hii haiambukizi. Haihusiani na laana wala dhambi ya wazazi; wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu walilopewa tunalijua. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini mtoto akiachwa amelala siku nzima, misuli hukaza na viungo hujikunja zaidi kadiri anavyokua.

Wengi wetu tukimwona mtoto asiyetembea tunatazama miguu. Wataalamu hutazama kwanza kichwa na kiwiliwili. Asiyeweza kutuliza kichwa na kifua hawezi kukaa, na asiyeweza kukaa bila kuyumba atapata shida sana kusimama. Usawa wa mwili hujengwa na ubongo, ambao kila wakati hupokea habari kutoka machoni, masikioni, kwenye misuli na kwenye nyayo, kisha huamuru mwili ujirekebishe kabla haujaanguka. Sisi tulijifunza hayo tukiwa wachanga kwa kuanguka na kuinuka mara nyingi mno. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye anaweza kujifunza, lakini anahitaji marudio mengi zaidi, na anahitaji mtu wa kumwandalia nafasi ya kujaribu.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Mtoto anakalishwa kwenye kigoda kifupi, nyayo zote mbili zikigusa chini, na mpira au kikombe kinawekwa pembeni kidogo, mbali na mkono wake, ili auinamishe mwili kukifikia na kurudi katikati. Anafundishwa kuinuka kutoka kigodani na kukaa tena, mara nyingi kwa siku. Anashika benchi na kwenda upande, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Anayemsaidia hukaa karibu kumdaka, lakini hamshiki muda wote, kwa sababu mwili unaoshikwa daima haujifunzi kujishika. Mazoezi hayapaswi kuwa mateso. Mtoto akilia kwa maumivu, mzazi asimame na kumuuliza mtaalamu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtaalamu anaonana na mtoto mara moja kwa mwezi, pengine kwa muda wa chini ya saa moja. Siku nyingine zote zimebaki kwa mama, ambaye pia anachota maji, analima na kulea watoto wengine, na mara nyingi baba ameshaondoka kwa kuona aibu. Wataalamu tunao, Chuo cha KCMC pale Moshi kimefundisha wengi, na CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kuhudumia watoto wenye ulemavu. Kinachowashinda akina mama wengi ni nauli, uchovu na upweke. Hayo matatu parokia inaweza kuyapunguza bila kumsubiri mfadhili.

Kwa wenzangu wanaoogopa kwamba mazoezi yanashindana na sala, nawaomba wasome tena sura ya tatu ya Matendo ya Mitume. Yule kiwete wa Mlango Mzuri alibebwa kila siku na kuwekwa nje ya hekalu. Petro alipotamka jina la Yesu, pia alimshika mkono wa kuume na kumwinua. Mwujiza na mkono vilikwenda pamoja. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, Salvifici Doloris, ametenga sura nzima kwa Msamaria Mwema. Kumwambia mama aubebe msalaba wake huku sisi tumekaa ni kusoma nusu ya fundisho hilo.

Pia tuna wajibu ulioandikwa. Kanoni ya 777 inamtaka paroko ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Mtoto asiyeweza kukaa hawezi kubaki darasani na wenzake, na katekista hajui ampange wapi. Kwa hiyo zoezi la kukaa bila kuyumba linamsogeza pia kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Na asipoweza kukaa kamwe, tumtengenezee kiti chenye mikanda na meza, aje hivyo hivyo.

Ninasema hivyo kwa sababu sitaki mtu atoe ahadi za uongo. Wapo watoto watakaotembea, wapo watakaotumia magongo, na wapo watakaohitaji kiti cha magurudumu maisha yote. Kwa mtoto mwingine ushindi ni kukaa dakika tano akila bila kupaliwa. Tukipima imani ya mama kwa hatua za mwanawe, tunamwongezea mzigo.

Tufanye nini basi? Jumuiya ndogondogo ichangie nauli ya kliniki kama inavyochangia msiba. WAWATA wapange zamu, ili jioni moja kwa wiki mwingine ashike mtoto na mama apumzike. Mafundi waliomo parokiani wapewe vipimo na mtaalamu, watengeneze vigoda na fito mbili za kushikilia. Akina baba waitwe kwa upole na kukumbushwa kuwa mtoto ni wao. Na sisi mafrateri, kabla ya kwenda utumeni, tuombe siku moja ya kukaa na mtaalamu wa mazoezi tiba, tujifunze angalau namna ya kumbeba na kumkalisha mtoto huyu. Viongozi wa vikundi vya maombi waambiwe wazi kwamba hakuna ruhusa ya kumwachisha mtu kliniki.

Siku niliyoondoka kigangoni, mtoto yule alikuwa bado hatembei. Alienda kutoka mwisho mmoja wa benchi hadi mwingine, akakuta andazi la mama yake. Akaachia benchi ili alishike kwa mikono miwili. Tulihesabu hadi nne kabla hajakaa chini, na mmoja wa wale wazee wawili ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti.

Ufunguo wa kanisa la kigango chenu anao nani? Je, mama mwenye mtoto kama huyu anajua kwamba anaweza kuuomba?