Elimu ya uzazi: Unyago umekwisha kuitangulia shule

SUALA la kufundisha elimu ya uzazi katika shule za msingi huwagawa wazazi. Wanaopinga hudai kuwa somo hilo huwaamsha watoto kabla ya wakati na kwenda kinyume cha dini. Wanaounga mkono husema kinachowaponza watoto ni kutojua.

Katika vijiji vya delta ya Rufiji na Kibiti, dai la kwanza lina udhaifu. Huko msichana hufundwa unyagoni anapovunja ungo, umri ambao wengi wangali shule ya msingi. Hivyo, swali si iwapo ataambiwa, bali ataambiwa nini.

Kungwi ana imani ya msichana, jambo ambalo mwalimu asiyeandaliwa hulikosa. Hata hivyo, unyago humwandaa kuwa mke, ilhali sheria inamtambua kuwa mwanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba.

Adhabu pekee haitoshi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 ya mwaka 2015/16.

Hofu ya wazazi hujibiwa kwa kupanga somo kulingana na umri: wadogo wafundishwe kukataa kushikwa na kutoa taarifa, wakubwa, hedhi, mimba na Ukimwi. Makungwi nao washirikishwe. Shule ikinyamaza, msichana atabaki na fundisho moja tu: la ndoa.