Vitabu vya Imani na Utamaduni Visiwe Mali ya Wachache

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Tangu wakati huo tumeandika mengi juu ya ngoma, ushairi, uchongaji na mavazi. Juu ya imani za watu wetu tumesema machache, kana kwamba Serikali kutokuwa na dini maana yake ni utamaduni nao kutokuwa na dini. Hilo si kweli. Namna mtu anavyomzika mzazi wake, anavyompa mwanawe jina na anavyoposa, huo ni utamaduni hasa, hata kama kasisi au shehe amesimama mlangoni.

Katika makala haya nitasema juu ya upande mmoja tu: vitabu vya Kikristo vilivyoandikwa na Waafrika juu ya imani na mila zetu. Madai yangu ni mafupi. Vitabu vipo, navyo ni vizito. Lakini wenye kuhusika navyo zaidi ndio wanaovisoma kwa uchache zaidi, na aibu hiyo si ya msomaji peke yake.

Mwaka 1969, John Mbiti wa Kenya alitoa African Religions and Philosophy. Mwaka 1984, Padri Charles Nyamiti, Mtanzania, alitoa Christ as Our Ancestor, kikachapishwa Gweru, Zimbabwe. Mwaka 1997, Padri Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma alitoa African Religion: The Moral Traditions of Abundant Life, kikachapishwa Maryknoll, New York. Ni Maryknoll hiyo hiyo ambako Mwalimu Nyerere, mwaka 1970, aliliambia Kanisa kwamba mahali pake ni pamoja na wanyonge. Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Mnyonge ambaye mila zake zimechambuliwa humo hakuandikiwa yeye.

Tazama hasara yake. Mbiti, alipotaka kueleza wakati jinsi Mwafrika wa jadi anavyouona, aliazima maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Alidai kwamba wakati una pande hizo mbili, na kwamba wakati ujao ulio mbali hauna uzito, kwani matukio yake hayajatokea. Ushahidi wake aliuchukua katika vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Hapo Mswahili yeyote, hata asiyevuka darasa la saba, ana la kusema. Sisi tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo: hizo ni siku nne tu zenye majina. Je, zinampinga Mbiti au zinamtetea? Tena tuna kiambishi -ta- ambacho hakina mpaka, kwani atakayekuja aweza kuja jioni ya leo au baada ya karne nzima. Mtetezi wa Mbiti atajibu kwamba kiyama na akhera ni maneno tuliyoyapata kwa Kiarabu, na kwamba dini ngeni ndizo zilizotufungulia mlango wa wakati huo wa mbali. Hayo si mabishano ya kupoteza muda. Mkristo anangoja marejeo ya Kristo. Akiwa lugha yake haina mahali pa kungojea, anangoja nini? Mbiti mwenyewe aliliona jambo hilo akaliandikia kitabu kingine mwaka 1971. Lakini mjadala ukabaki vyuoni, na wenye Sasa na Zamani hawakualikwa.

Au tazama hoja ya Nyamiti. Alisema kwamba kwa mila zetu mhenga ni ndugu aliyetangulia, aliyepata hadhi takatifu baada ya kufa, aliye mfano wa mwenendo mwema, na mwenye haki ya kukumbukwa na kuombwa na walio hai. Na kwamba kwa sifa hizo Kristo aweza kuitwa Mhenga wetu. Kwa Kiingereza neno hilo lapita kimya. Litamke kwa Kiswahili mbele ya waumini, uone. Tuseme mhenga? Tuseme babu? Tukisema mzimu, nusu ya kanisa itainuka itoke nje. Kumbe ugumu wa hoja, na pia utamu wake, hauonekani mpaka isemwe kwa lugha ambayo watu huwalilia wafu wao.

Nayajua majibu ya wapinzani. Wa kwanza husema, Biblia yatosha. Nami nasema, Biblia hiyo waliipokea kwa maneno gani? Mungu ni neno la Kibantu lililokuwapo kabla ya misheni. Kanisa, injili na roho yametujia kwa Kiarabu. Kila mfasiri alipochagua neno, aliamua jambo juu ya imani na utamaduni. Aliyekubali kumwita Baba wa Yesu Kristo kwa jina walilolitumia mababu, huyo amekwisha kuingia katika mjadala huu, apende asipende.

Wa pili husema, huko ni kurudisha ushenzi. Hiyo ni kasumba ya zamani, nayo humfanya mtu awe na maisha mawili: Jumapili yuko kanisani, na usiku wa msiba yuko kwenye tambiko kwa kujificha. Lakini simtetei yule mwingine anayesifu kila mila kwa sababu tu ni ya mababu. Kumrithi mjane kama mbuzi ni mila. Kumkeketa binti ni mila pia, na sheria ya mwaka 1998 imekataza kumfanyia hivyo aliye chini ya miaka 18. Magesa ametupa kipimo: katika dini ya jadi, linalokuza uhai ni jema, linaloupunguza ni baya. Kwa kipimo hicho wanakijiji waweza kupima wenyewe mahari, matanga na jando, wasingoje kuamuliwa na mtu wa nje.

Wa tatu, msomi, husema Kiswahili hakitoshi kwa elimu ya Mungu. Huyo asome Utenzi wa Enjili, kazi ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Aliyeziweka Injili katika vina na mizani amekwisha kumjibu. Kinachopungua ni nia.

Basi tufanye nini? Jumuiya ndogondogo zipo, na maaskofu wa Afrika Mashariki waliziwekea msingi katika miaka ya 1970. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumba kwa nyumba na vyama vya akina mama. Wakusanyikapo kusoma masomo na kuchanga michango, watenge siku moja kwa mwezi wasomewe sura moja ya vitabu hivi kwa Kiswahili, kisha waijadili, mzee akiwa na haki ya kumpinga padri. Mashirika ya uchapaji ya makanisa yatoe vijitabu vya bei nafuu. Maktaba za umma ziviweke, ili Mwislamu naye asome ajue jirani yake anawaza nini. Na wanazuoni wetu, kabla ya kupeleka miswada yao ng'ambo, waandike walau muhtasari kwa lugha ya taifa.

Wakati hautungoji. Mbiti alifariki 2019, Nyamiti 2020, Magesa 2022. Na wale wazee wa vijijini ambao maneno yao yamejaa katika vitabu hivyo, nao wanatutoka kila masika. Walihojiwa, wakaandikwa, vitabu vikauzwa mbali. Hawakuulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli. Deni hilo tunaweza kuwalipa wale waliobaki, kama tutawasomea wakiwa hai.