TAHARIRI: Mtoto mchanga wa Tononoka anangoja damu yako, si ya babake

Kijana wa Mombasa, unapita lango la Hospitali Kuu ya Pwani hapo Tononoka kila siku. Ndani kuna watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wengine uzito wao haufiki hata kilo moja na nusu. Mtoto wa kilo moja akipungukiwa damu huongezwa mililita 10 hadi 20 hivi. Hebu pima: ni vijiko vitatu vya chai. Pinti moja ina mililita 450, na ikigawanywa kwenye vifuko vidogo inaweza kumrudia mtoto huyo huyo mara kadhaa, asichanganyiwe damu za watu wengi.

Sasa vijiko hivyo vitatu vitoke kwa nani? Kwetu jibu ni jamaa. Simu zinapigwa usiku, baba anakunja mkono wa shati, mjomba anatafutiwa tuktuk. Nia ni safi kabisa. Kumbe kwa mtoto mchanga damu ya baba huenda isifae. Wakati wa ujauzito mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe za damu ambazo mtoto amerithi kwa baba, na kinga hizo humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Damu ya baba ikiingia, inaweza kushambuliwa. Tena mjomba aliyeitwa ghafla, mbele ya wakwe, ataona haya kusema ukweli kuhusu maisha yake. Ndiyo, damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini maambukizi ya juzijuzi yanaweza kuponyoka kipimo.

Anayefaa ni mtu baki, aliyekuja kwa hiari yake, asiyelipwa, na ambaye hii ni mara yake ya tatu au ya nne.

Kwa miaka mingi mtu baki huyo nchini Kenya amekuwa mwanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana shule zikifunga, Aprili, Agosti na Desemba, damu huadimika. Machi 2020 Corona ilipofunga shule zote, pengo likawa wazi zaidi. Nchi nzima kuegemea mikono ya watoto wa shule ni aibu ya watu wazima, na serikali iambiwe hivyo. Lakini wewe uliyemaliza Form Four, mbona ulitoa ukiwa na yunifomu kisha ukapotea?

Na kina dada, msijitoe. Mwaka 2021 watafiti wa Atlanta, Marekani, waliwafuatilia watoto 181 waliozaliwa na uzito mdogo sana na kuongezwa damu. Waliopewa damu ya wanawake pekee walipata madhara makubwa, au kufariki, kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, hauthibitishi kwamba damu ya mwanamume ni mbaya. Ila unazima ule usemi wa maskani kwamba damu ya msichana "haina nguvu". Isitoshe, akina mama waliojifungua papa hapa Tononoka walishakubali damu ya kitovu ikusanywe, na watoto 55 wa Kilifi wenye upungufu mkubwa wa damu wakaongezwa. Matokeo yalichapishwa 2015. Hawakuwajua watoto hao.

Masharti si mengi: uwe na miaka 16 kwenda juu, kilo 50 au zaidi, na damu ya kutosha. Ukiambiwa damu yako iko chini, si fedheha. Umepimwa bure, nenda ukatibiwe kisha urudi. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Kituo cha damu cha kanda kiko kwenye uwanja wa hospitali hiyo hiyo. Kula mahamri yako kwanza, kunywa maji, na umburure yule rafiki yako anayejidai haogopi sindano.